Ng'ombe wa Sebuleni

Watu wengine wakiambiwa na daktari kwamba mama yao anaona vitu visivyokuwepo, wanalia. Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka mama akanipiga kofi la paja, kisha naye akaanza, na daktari akakaa akitungojea tumalize. Ninayasema haya mapema ili mtu asinihurumie bure. Habari hii iliisha vizuri, na huku kwetu Goma mambo yanayoisha vizuri si mengi kiasi cha kuyanyamazia.

Mama anaishi nami tangu tuliposhuka kutoka milima ya Masisi. Kule juu tulikuwa watu wa ng'ombe. Baba alipokufa, kundi lilibaki mikononi mwa kaka yangu mkubwa, ambaye mpaka leo namwita Yaya, kama wengi hapa wanavyomwita ndugu aliyewatangulia kuzaliwa. Halafu asubuhi moja watu wenye bunduki wakaja wakachukua kundi lote. Yaya aliamriwa alale kifudifudi kwenye majani, akawa anasikia kwato tu zikienda. Tukakimbia. Mimi nilipata kibanda Birere, nikaanza kuuza vikwembe, hivi vitambaa vya maua ambavyo wengine wanaviita vitenge, na kidogo kidogo nikasimama. Yaya hakusimama. Amepanga chumba upande wa Kanyaruchinya, anavunja mawe ya volkeno kwa ajili ya wajenzi, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia ni mfugaji.

Macho ya mama yalianza kufifia polepole. Kwanza alisema ni moshi wa makaa, baadaye akasema ni vumbi, mwishowe akasema ni uzee na tumwache. Ndani ya mboni kulikuwa na weupe kama maji ya mchele. Nilimwambia mara nyingi twende tukamwone daktari wa macho, akanijibu kwamba sura yangu anaijua na barabara hana haja nayo. Mama yangu ni mtu wa kujibu hivyo, na mimi nimerithi.

Kisha akaanza tabia mpya. Akitoka chumbani kwenda kwenye kiti chake, anasimama katikati ya sebule, anangoja kidogo, halafu anaendelea. Siku moja nilikuwa nimebeba sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kutoka jikoni, akaninyooshea mkono nisimame. Nikasimama. Nangoja nini? Hakusema. Sufuria ilikuwa inaniunguza vidole, nikamuuliza kwa hasira kama tunapisha msafara wa gavana. Akasema basi, pita sasa. Nilipita nikinung'unika, na sombe lilikuwa limeanza kumwagika.

Jumapili iliyofuata Yaya alikuja kula kwetu baada ya ibada. Tulikuwa katikati ya chakula mama alipoinua miguu yote miwili akaiweka juu ya kiti, kama mtu anayefagiliwa chini. Yaya akamuuliza kuna nini. Mama aliinamisha kichwa, akasema:

"Ni ngombe. Zinapita."

Yaya akaweka kijiko chini. Aliuliza kwa sauti ndogo zinapita tangu lini, mama akasema tangu mvua ya nyuma, zinakuja mchana wakati ametulia, zinapita sebuleni, zinaenda. Yaya hakuuliza zaidi. Wala mimi.

Hapa lazima nieleze, maana mtu asiye wa kwetu atashangaa mbona hatukuuliza neno lingine. Katika nyumba ya wafugaji, yetu walau, mtu haulizi ng'ombe ni wangapi, na hataji rangi zao wala pembe zao wakiwa hawapo mbele yake. Baba alitukataza tangu utotoni. Kuwataja walio mbali ni kuwaitia mabaya. Kwa hiyo mama aliposema ng'ombe, wote tulinyamaza kwa heshima, na kila mmoja akaona kichwani mwake ng'ombe wetu, wale wale, wakipita kati ya meza na televisheni. Tulifikiri tumeelewa.

Juma lile Yaya alikuwa mtu mwingine. Alinyoa ndevu. Alikwenda kwenye chumba cha maombi ambako mama husali, akawaeleza akina mama wa pale, nao wakaomba wakafunga, na kiongozi wao akasema Bwana humwonyesha mtu kile anachotaka kumrudishia. Kumbe pia kuna jamaa aliyekuwa amemwambia kwamba kundi fulani limeonekana kwenye bonde moja huko juu. Yaya akaunganisha hili na lile. Akaja kunitangazia kwamba Jumatatu anapanda Masisi kutafuta ng'ombe wa baba.

Nilimwambia amerukwa na akili. Barabara ile kila mtu mjini anaijua ilivyo. Mume wa jirani yangu wa sokoni alipanda kwenda kuangalia shamba lake la maharagwe tu, maharagwe, na mpaka leo mke wake hajui avae nguo ya kilio au aendelee kupika sahani mbili. Na huyo hakwenda kumuuliza mtu mwenye bunduki ng'ombe huyu umemtoa wapi. Yaya alinisikiliza kwa upole mbaya, ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Akasema mama ameona, je, mimi nimeona nini? Nikamjibu kwamba mimi ninaona barabara. Tukagombana mpaka wapangaji wa nyuma wakazima redio ili wasikie vizuri.

Kilichoniuma zaidi ni mama. Wakati wote huo alikaa pale pale kitini, anakunja na kukunjua pindo la nguo yake, hasemi kitu. Neno lake moja lingemzuia Yaya. Tangu siku ile akaacha kula. Ukimwekea fufu, ugali wetu wa muhogo, anaigusa, anaisukuma. Nilifikiri anawatamani ng'ombe wake kiasi cha kumtoa mwanawe kwa ajili yao, na Mungu anisamehe, nilimkasirikia.

Kesho yake nilifungua kibanda nikiwa na kisirani, nawajibu wateja ovyo. Mmoja wao ni muuguzi, hununua kwangu nguo za sherehe, akaniuliza nimekula nini leo. Nikammwagia yote. Alinisikiliza huku anapapasa kikwembe, halafu akaniambia kuna daktari mwanamke, daktari wa magonjwa ya kichwa, anayepokea watu upande wa Himbi. Huyo anafanya utafiti juu ya watu wanaoona au kusikia vitu ambavyo wengine hawavioni wala kuvisikia, anataka kujua vinatoka wapi na vinatibika vipi, na wazee anawatafuta hasa. Nikawaka. Nilimwambia mama yangu si mwendawazimu. Muuguzi hata hakutikisika. Akaniuliza: "Nani amesema wazimu? Macho yake yakoje?"

Nilimfungia kikwembe chake bila kubishania bei, jambo ambalo halijatokea tena.

Mama nilimwambia tunakwenda kwa ajili ya macho, na safari hii hakukataa. Tulipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, na njia nzima hakumtukana dereva hata mara moja. Ndipo nilipojua kwamba ana hofu kubwa.

Daktari alikuwa na umri wa kuwa mdogo wangu. Mtu wa upande wa magharibi kabisa wa nchi, Kiswahili chake cha kujifunzia hapa hapa, lakini aliongea na mama mwenyewe, si na mimi juu ya kichwa cha mama, na kwa hilo nilianza kumpenda. Alitueleza kwamba kuona kitu kisichokuwepo kunaitwa maruweruwe, na maruweruwe yana milango mingi. Malaria ikipanda kichwani yanaweza kuja. Homa kali, pombe, dawa fulani, kukosa usingizi, kilio kizito, ugonjwa wa akili, ubongo unaochoka kwa uzee. Kila mlango una ufunguo wake, na ukimpa mtu dawa ya mlango usio wake unamuumiza. Ndiyo maana yeye huuliza maswali mengi kabla ya kugusa dawa, na ndiyo maana anafanya huo utafiti, kwa sababu watu huku huishia kufungwa kamba au kwenye mfungo wa maombi kabla hajawaona.

Aliposema kamba, mama alishtuka. Niliuona mkono wake ukishika ukingo wa meza.

Maswali yakaanza. Leo ni siku gani? Mama akataja siku, akataja na somo la Jumapili iliyopita. Anakunywa dawa gani? Hakuna. Analala? Alikuwa analala vizuri mpaka juzi. Wale ng'ombe wanamsemesha, wanamwamuru kitu?

"Ngombe inaongea?" mama akauliza, kwa mshangao wa kweli, na daktari akaomba radhi.

Je, wanalia? Hapana. Kwato zao anazisikia? Hapana. Harufu? Mama akasema hapana, hakuna harufu. Hapo mimi nikainua kichwa. Kundi zima lipite sebuleni bila harufu! Mtu aliyewahi kulala karibu na zizi hawezi kusikia jambo kama hilo akabaki ametulia.

Ndipo daktari akauliza, kama mtu anayeuliza habari za asubuhi, kama mama anawajua ng'ombe hao, wana rangi gani, wanafananaje. Nilitaka kumzuia. Swali kama hilo kwetu haliulizwi. Lakini yeye angejuaje? Mama akafunika uso kwa mikono yote miwili. Daktari hakumharakisha, na mwishowe mama akauliza kama mimi naweza kutoka nje. Daktari akamwambia ni juu yake. Mama akafikiri.

"Abaki," akasema. "Nimechoka. Dokta, sijue hata moja. Si zetu. Na zimevaa vikwembe."

Nikauliza zimevaa nini.

"Vikwembe. Vya maua makubwa. Zingine ziko na kofia."

Akaanza kulia, na katika kilio hicho yote yakatoka. Alipowaona mara ya kwanza alijua papo hapo kwamba hawa si ng'ombe wa dunia hii. Lakini angemwambia nani? Shangazi yake huko milimani alikuwa akiongea peke yake, wakamfunga kwenye nguzo ya nyumba ya nyuma, akafia pale, na mama akiwa msichana ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula. Siku ile ya Jumapili, Yaya alipomuuliza, alishindwa kudanganya na akashindwa kusema yote, akasema nusu. Ng'ombe peke yao mtu anaweza kuwaona, watu wataita maono. Ng'ombe aliyevaa kofia ni kamba. Halafu akakaa akiona ile nusu inavyokuwa safari, inavyokuwa begi, inavyokuwa Jumatatu, na kila alipofungua kinywa aliona ile nguzo. "Mutoto yangu anaenda kufa juu ya ngombe ya kofia," alisema, "na mimi minaogopa kuchekwa."

Daktari hakucheka. Uso wake ulikuwa umefunguka, kama wangu ninapopata mteja niliyemtafuta mwaka mzima. Akachukua taa ndogo akamwangalia mama machoni, akaniita na mimi nione ule weupe. Akaeleza pole pole, akirudia. Ubongo umezoea kupokea picha kutoka machoni siku nzima. Macho yakizibwa na mtoto wa jicho, picha zinapungua, na ubongo haupendi kukaa bure, basi unajichorea zake. Na unachora kwa ufundi, rangi kali, mapambo, watu waliovaa vizuri, wanyama. Picha hizo hazina sauti wala harufu, na mara nyingi mwenyewe hamjui yeyote ndani yake. Alikuwa na mzee mmoja anayeona wanajeshi wadogo wenye urefu wa chupa wakitembea ukingoni mwa meza yake. Alikuwa na mama mwingine anayeona nyumba za ghorofa juu ya ziwa. Wote walificha, wote kwa hofu ile ile.

"Mama, kichwa yako iko muzima," akamwambia. "Ni macho ndiyo inagonjwa, na macho tunaweza kutengeneza."

Mama akauliza, wazimu hapana? Wazimu hapana. Shetani hapana? Daktari akasema shetani angekuwa na kazi nyingine. Mama alishusha pumzi, pumzi ndefu iliyotoka chini kabisa, na mabega yake yakashuka nayo. Sijawahi kumwona mtu akipona mbele yangu kwa maneno matupu. Nikajua kwamba Jumatatu imeisha kabla haijafika, na kwa kuwa sikujua nifanye nini na furaha kubwa namna hiyo, nikauliza jambo la kwanza lililonijia: maua ya aina gani? Mama akayaeleza, makubwa, ya njano, yenye majani kama mikono. Nikasema mali hiyo haijawahi kufika Birere, laiti angeniambia mapema ningeiagiza. Ndipo tulipocheka, na ndipo nilipopigwa lile kofi.

Dawa ya kumeza hakupewa. Alifundishwa kwamba wakija, ahamishe macho haraka kulia na kushoto, apepese, au ainuke anyooshe mkono amguse ng'ombe, maana picha haishikiki. Mimi niliambiwa sebule iwe na mwanga zaidi, na mama asikae peke yake kutwa. Kwa ajili ya mtoto wa jicho, daktari alituandikisha kwa madaktari wa upasuaji wa macho, tungoje zamu.

Nilitaka kumrudisha mama nyumbani apumzike kwanza. Akakataa. Akataka Kanyaruchinya, saa hiyo hiyo, na safari hii dereva wa moto alitukanwa mpaka tulipofika.

Yaya alikuwa ameketi mlangoni, begi lake limefungwa kwa kamba pembeni. Mama hakukaa hata chini. Alimwambia kila kitu akiwa amesimama, pamoja na kofia. Yaya aliniangalia mimi kwanza, akauliza daktari amemchoma sindano gani. Nikamwambia hakuna sindano. Akamgeukia mama, na akafanya jambo ambalo sikutegemea kulisikia katika ukoo wetu. Akauliza kuhusu ng'ombe mmoja mmoja. Yule mwekundu wa baba, hakumwona? Mama akasema hapana. Yule mwenye pembe zilizoinama, aliyezaa siku ya mazishi ya baba? Hapana. Ndama wake? Hapana, mutoto yangu. Wakaendelea hivyo, mmoja anataja, mwingine anakana, na mimi nikaingiza wale niliowakumbuka, mpaka kundi lote likaisha. Tangu wachukuliwe hatukuwahi kuwataja. Tulikuwa tukiwalinda kwa ukimya, kama bado wako hai mahali fulani.

"Zetu zilikwisha," mama akasema. "Mimi najua toka zamani. Usifuate ngombe yenye haiko."

Yaya akalia kwa sauti, mwanaume mzima, majirani wakiangalia. Mama akamshika kichwa akakiweka tumboni kwake. Alipomaliza kulia, aliuliza kofia zenyewe ni za namna gani, na kicheko kikamtoka puani pamoja na makamasi. Begi akalifungua mwenyewe. Ndani alikuwa ameweka shati moja, chumvi ya kuwalambisha ng'ombe, na fimbo ndefu iliyokuwa imechomoza nje.

Siku ya Jumatatu aliamkia kwangu, akanibadilishia taa ya sebuleni, akala mara mbili.

Kiongozi wa chumba cha maombi, nilipompelekea habari nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi, alinisikiliza akasema Bwana asifiwe, daktari naye ni wa Bwana. Nikabaki na maneno yangu yote mdomoni. Baadaye yeye mwenyewe aliniuliza kwa siri zile siku za daktari, maana ana mama mkwe ambaye huwaona watoto wamevaa kanzu nyeupe.

Zamu yetu ilichelewa, na ng'ombe waliendelea kupita. Lakini mama hakuinua miguu tena. Akiwaona ananiita jikoni aniambie leo wamevaa nini, na wakizidi anainuka anawapiga kofi, mkono unapita hewani, anarudi kukaa ameridhika. Alianza kula. Alinenepa. Mzee wa wanajeshi wadogo alikutana naye kwa daktari, wakakaa benchi moja wakilinganisha, kila mmoja akiona cha mwenzake ndicho kibaya zaidi.

Mama alipopasuliwa jicho la kwanza, Yaya ndiye aliyekwenda naye, akalala chini karibu na kitanda chake. Mimi nilifika asubuhi wakati muuguzi anatoa bandeji. Mama alipepesa. Aliangalia mikono yake kwanza, akaigeuza. Akaniangalia mimi, akasema nimenenepa na rangi hii ya nguo hainifai. Kisha akageukia upande ule mwingine, alipokuwa amesimama Yaya, akamwangalia muda mrefu sana bila kusema kitu, mpaka Yaya akaanza kuogopa, akamuuliza kama kuna ng'ombe nyuma yake.

"Hapana," mama akasema. "Ni wewe. Kumbe umeota mvi. Ungelienda ile siku, ningebaki na sura yako ya kijana, nisingejua hata nimepoteza mutu wa namna gani."

Yaya akainama karibu na kitanda ili mama amwone vizuri.